Kidevu na Ncha ya Kanga

Rukia alinipigia simu nikiwa nachambua mlenda mlangoni kwangu Mgori. "Dada Zena, mama ametutoka alfajiri," akasema, na kabla sijamaliza inna lillahi akaongeza, "Njoo upesi. Aliacha usia umwoshe wewe. Hakusema kwa nini." Simu ikakatika, maana mtandao wetu ndivyo ulivyo, nikabaki na sinia la mlenda mapajani. Mjukuu wangu Shani alikuwa ameketi kizingitini akibandika kope za dukani, simu yake ameiegemeza kwenye ndoo iwe kioo. Aliniuliza, "Bibi, unalia?" Nikamwambia ndiyo, nalia, shangazi yangu Hadija wa Ikungi amefariki. Mtoto wa watu akaacha jicho moja lina kope na jingine halina, akaja kunishika mkono. Nilimtazama yale macho mawili yasiyofanana, nikataka kucheka katikati ya msiba. Shangazi angecheka pia, na angecheka kwa namna yake: ncha ya kanga imepandishwa mpaka kidevuni, mabega yanatikisika, sauti haitoki. Basi nikafunga mizigo yangu, na njia nzima nilikuwa nawaza ule mwaka mmoja nilioishi kwake.

Ulikuwa mwaka niliomaliza darasa la saba nisichaguliwe kuendelea. Nikapelekwa Ikungi nimsaidie shangazi, aliyekuwa na Rukia mchanga mgongoni, na mumewe anifundishe cherehani. Shuleni tulikuwa tumenyolewa vichwa wote, wavulana na wasichana, kwa mashine ile ile na mwalimu yule yule. Mgeni akitukuta asubuhi tunafagia uwanja, alichokuwa nacho cha kututofautisha ni sketi na kaptula tu. Kwa hiyo mwaka ule ndio kwanza nywele zangu zilipata ruhusa ya kuota, na nadhani kidevu kilisikia ruhusa hiyo kikafikiri nacho kimo. Zilianza nywele mbili upande wa kushoto. Sikuzijali. Zikaita wenzao. Kufikia msimu wa kupanda nilikuwa na kitu ambacho mtu mwenye macho angekiita ndevu, na mimi nilikiita uchafu, nikawa nakisugua kwa dodoki kila nikioga.

Nyumba ya shangazi ilikuwa tembe ya zamani, ya udongo na paa bapa, imeongezewa chumba kimoja cha mabati upande wa barabara ya Dodoma. Chumba hicho na baraza yake ndivyo vilivyokuwa vya Issa, mume wa shangazi, fundi cherehani. Issa alikuwa mwembamba, msafi kupita kiasi, na sijaona mpaka leo mtu akitunza ndevu kama alivyozitunza zake. Alizichana kwa kitana cha mbao, akazipaka mafuta ya karafuu, kisha akajitazama kwenye kioo kilichoning'inia juu ya cherehani. Ndicho kioo pekee cha nyumba ile. Sisi wanawake wawili tukitaka kujiona, tulisubiri ateremke kwenda kusali. Ndani kwenye tembe alikaa baba yake, niliyemwita babu kama walivyomwita wote. Babu alikuwa na masikio yaliyotobolewa tangu ujana, matundu yamelegea, na shingoni alivaa kibano cha chuma kwenye kamba ya ngozi. Kila asubuhi jua likishapanda, alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, akapapasa kidevu chake kwa vidole na kung'oa ndevu moja moja kwa kibano kile, macho amefumba, kama mtu anayesikiliza redio.

Kwa hiyo uji wetu wa ulezi tuliunywa kila siku katikati ya ugomvi mmoja. Babu anang'oa, mwanawe anachana. "Issa mwanangu," babu angeanza, "hicho kichaka utakifyeka lini? Enzi zetu kijana mwenye kichaka usoni hapewi mke. Tulikuwa tunang'aa sisi, tunapakwa samli mpaka nzi anateleza." Issa angejibu kwa upole, maana hakuthubutu kumkosea baba yake adabu, "Baba, ndevu ni suna. Na mwanamume bila ndevu atajulikana vipi kuwa mwanamume?" Babu angefumbua jicho moja. "Mimi umenijua vipi kuwa baba yako?" Shangazi aliyekuwa akikoroga uji angepandisha ncha ya kanga kidevuni, mabega yakatikisika. Mara nyingine babu alilalamika kwamba kibano chake, ambacho usiku alikitundika kwenye msumari, asubuhi anakikuta kimegeuzwa. Alimlaumu panya. Siku moja alinilaumu mimi, na shangazi akanitetea kwa ukali ambao sikuuelewa, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa dogo.

Namna ile ya shangazi ya kucheka ilikuwa maarufu pale Ikungi. Wanawake wazee waliisifu kisimani na sokoni. Walisema Hadija amelelewa, Hadija ana haya, hata akifurahi hafunui uso wote kama hawa wa siku hizi. Akiongea na wanaume wa barazani, kanga iko kidevuni. Akipokea wageni, kanga iko kidevuni. Wasichana wa mtaa waliokuja kushonewa magauni walimwangalia, na baada ya muda nikagundua wote wanacheka vile. Nami nilianza. Hakuna aliyenifundisha. Siku moja mteja alisema jambo la kuchekesha, mkono wangu ukapanda wenyewe na ncha ya kanga, nikajiona mwanamke hasa.

Barazani kwa Issa palikuwa na maongezi siku za mnada. Wauza ng'ombe na wauza kuku walipumzika pale wakisubiri suruali zao zitiwe viraka, na mimi nilikuwa ndani napiga pasi ya mkaa, nasikia yote. Jambo walilolipenda kuliko yote lilikuwa tabia za wanawake. Mmoja, mchuuzi wa chumvi, alisema kwamba kupenda kioo mwanamke kaumbwa nako, hata mtoto wa kike akitambaa anakifuata kioo. Alisema haya akiwa amesimama mbele ya kioo cha Issa, anakagua jino. Mwingine akasema mwanamke Mungu kamuumba laini, ngozi laini, sauti laini, nywele mahali pake, na mwanamume kamuumba wa kukwaruza. Babu akawaambia kutoka kwenye kigoda chake kwamba enzi za rika lake waliokaa asubuhi nzima wakijipaka na kusukana walikuwa vijana wa kiume, na wanawake hawakuwa na nafasi hiyo kwa sababu walikuwa wanasaga mtama. "Basi nani kaumbwa na kioo?" akauliza. Wakacheka, wakasema mzee naye. Mimi nikashusha pasi, nikajigusa kidevu, nikawaza yule aliyesema nywele mahali pake angesema nini akiniona karibu.

Shangazi aliniona karibu muda si mrefu baada ya hapo. Nilikuwa nakaanga vitumbua vya kuuza mnadani, mwanga wa asubuhi unaingia mlangoni, akaniinamia kutia mafuta akasimama ghafla. "Tangu lini?" akauliza. Nikajua anauliza nini. Hakupiga kelele wala hakunicheka. Aliniacha niende mnadani hivyo hivyo, nikirudi akaniita chumbani kwake, akafunga mlango, akatoa chini ya kitanda kopo la majivu meupe yaliyochekechwa laini kama unga. Kopo hilo nilikuwa nimeliona siku nyingi, nikidhani ni la kusugulia meno. Akanipaka majivu kidevuni ili nywele zisiteleze, akaanza kung'oa kwa kucha, haraka, kila moja mpaka mzizi wake. Machozi yalinitoka. "Shangazi, inauma." "Inauma leo. Ukizoea utaona kama unachuma mboga." Nikamuuliza amejifunzia wapi. "Kila mwanamke anajua," akasema. Mama yangu hakujua, wala dada zangu, lakini nilikuwa na umri ambao mtu akisema kila mwanamke unaona aibu kuwa wewe ndiye usiyejua. Wewe unayesoma huenda umeshafahamu. Mimi ilinichukua miaka mingi.

Tukawa tunafanya hivyo kila nywele zikirudi, naye alikuwa na haraka nazo kwa sababu alikuwa amesikia habari. Kijana mmoja wa Kilimatinde, jina lake Saidi, aliyekuja mnadani na ng'ombe wa baba yake, alikuwa ameuliza mimi ni binti wa nani. Washenga walikuwa njiani. Issa alifurahi, maana familia ile ilikuwa na zizi. Shangazi alifurahi kwa namna ya mtu anayeogopa. "Wakikuona na hizo, Zena, hutaolewa," akaniambia, "na mtu akishakuita mwanamke wa ndevu jina halitoki." Mimi sikuwa nimemtazama Saidi vizuri. Lakini nilikuwa naogopa kile alichokiogopa shangazi, bila kujua kama ninaogopa kwa niaba yangu au kwa niaba yake. Siku ya wageni alining'oa kuanzia alfajiri, akanipaka samli, akanifunga kanga mpya. Nikawa laini kama yai.

Walikuja watatu: wanaume wawili wazee na bibi mmoja mnene aliyeitwa Bi Mwanaidi, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji. Nikawapa shikamoo nimepiga goti, nikawanawisha, nikaleta jogoo mzima na ugali wa mtama. Bi Mwanaidi alikula vizuri. Alinitazama kila nilipopita, na kila nilipopita uso wake ulizidi kukunjamana. Mwisho akafuta mikono akasema, "Mama mwenye nyumba, binti ni mzuri, na adabu tumeiona. Ila sisi tulitumwa kwa mwingine."

"Mwingine yupi?" shangazi akauliza, kanga kidevuni. "Binti hapa ni mmoja."

"Kijana wetu alimwona mnadani anauza vitumbua. Alituambia, msihangaike kuuliza jina, mtamjua kwa kidevu."

Issa akaacha kujichana. "Kidevu kina nini?"

"Kina ndevu, ndugu yangu. Kwetu mwanamke wa namna hiyo hatafutwi, anaokotwa kwa bahati. Bibi yangu mzaa baba alikuwa nazo, na zizi lake halikuwahi kukauka. Huyu ni mzuri, sikatai, lakini hana kitu."

Babu, kwenye kigoda chake, akaanza kucheka mpaka kibano kikarukaruka kifuani. Bi Mwanaidi aliinuka, akanishika taya, akanipitisha dole gumba kidevuni kama anayekagua mtungi. Akahisi vipele vya kung'olewa. "Mmemnyonyoa!" akasema, na kweli alikuwa na hasira, kama mtu aliyeletewa ng'ombe aliyekatwa pembe. "Jamani, nani kamfanyia mtoto hivi?" Shangazi alikuwa ameinama, kanga imemfunika mpaka puani. Wazee wakashauriana, wakaaga kwa heshima, na Bi Mwanaidi mlangoni akasema, "Tutarudi baada ya mavuno. Zikiota."

Jioni ile tulikuwa tunaosha vyombo nyuma ya nyumba, upepo wa Singida unatupeperushia vumbi kwenye masufuria, na shangazi akasugua sufuria moja muda mrefu mno. Halafu akasema polepole, si kwa kuniambia mimi, "Kumbe wapo wanaozitafuta." Nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu ilikuwa haijapata mtu wa kumwangukia, ikamwangukia yeye. Nikamwambia hawa wakizikosa hawanitaki, na yeye akiziona ananificha. Hiki kidevu ni changu au cha Ikungi nzima? Hapo aliweka sufuria chini, akacheka kwa mabega. "Ni chako. Lakini wewe huwezi kukiona mpaka upate kioo, na sisi tunakitazama siku nzima. Ndiyo tabu yake." Kisha akasema, "Kuanzia leo sikugusi. Utaamua mwenyewe."

Nikaacha ziote. Sikuziacha kwa ajili ya Kilimatinde; nilitaka kujua tu zitafika wapi. Issa alikuwa akikwepa kunitazama. Asubuhi moja babu aliniita akanipa kibano chake nijaribu, nikakataa, akasema vizuri, kila mtu na shamba lake. Yule mzee aling'oa za kwake apate kuwa kijana wa kiume, mwanawe akazifuga apate kuwa mwanamume, na Bi Mwanaidi alizitaka juu ya mwanamke ili ng'ombe waongezeke. Nywele zenyewe hazikuwa zimeambiwa lolote. Hizo ndizo alizootesha Mungu, hayo mengine tuliyaongeza sisi, na kila mmoja aliapa kwamba la kwake ndilo la asili. Siku hizi mjukuu wangu mwingine, kaka yake Shani, anatumia mshahara wake kununua mafuta ya kuoteshea ndevu Singida mjini, na kila nikimwona anajipaka namkumbuka babu na kigoda chake. Sijamwambia kwamba bibi yake zilimjia bure.

Baada ya mavuno walirudi, na safari hii Saidi mwenyewe alikuwepo. Niliruhusiwa kuketi naye barazani, cherehani katikati yetu. Alikuwa kijana mzuri, meno meupe, mpole. Aliongea habari za malisho na mvua. Tangu alipoketi mpaka alipoinuka hakunitazama machoni hata mara moja. Macho yake yalikuwa hapa chini, kwenye kidevu, yameridhika. Sikuchukia. Nilihuzunika tu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuipenda sauti yake. Alipoondoka nilimwambia Issa simtaki. Issa akakasirika kweli kweli, akataja jogoo wawili walioliwa, akataja zizi, akasema binti mwenye kasoro akipata mtu wa kuipenda kasoro yake anashukuru. Ndipo shangazi alipotoka jikoni. Mikono aliiweka kiunoni, kanga imeanguka mabegani, uso wote uko wazi kwa mara ya kwanza machoni pangu. "Hataki," akasema. "Na usiite kasoro kitu ambacho hujui nani anacho." Niliona kidevu cha shangazi siku ile, laini, chenye weusi hafifu kama changu kinapotoka kung'olewa. Nikadhani ni moshi wa jikoni.

Nilirudi Mgori mwaka ulipoisha, naweza kukata suruali na gauni. Nikaolewa baadaye na mtu wa huku huku, mkulima wa alizeti, sasa ni marehemu. Nilimuuliza kabla hatujafunga ndoa anazionaje. Akaniuliza, "Naonaje nini?" Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania, lakini nilimchukua. Kuna miezi niling'oa, kuna miezi niliacha. Babu alipofariki, watoto waligawana mbuzi, na shangazi akaomba kibano tu. Watu wakamsifu kwamba hana tamaa.

Nilipofika Ikungi, wanawake walikuwa wamejaa uani, na Rukia akanivuta moja kwa moja chumbani, tukabaki watatu: yeye, mimi na mama mwoshaji wa mtaa. Shangazi alikuwa amelala amefunikwa shuka mpaka puani. Rukia aliishusha. Ndevu zilikuwa nyeupe, ndefu kidogo, laini, zimejaa kidevu chote. "Tangu mkono wake ulipopooza," Rukia akanong'ona. "Alikuwa anajifunika shuka hata kwenye joto. Mimi tu ndiye niliyeziona, akanishika mkono nisimwambie mtu. Hata baba alikufa hajui." Chini ya mto kulikuwa na kibano cha babu, kwenye kamba yake ile ile. Nikakaa kitandani nikalia, nikalia kwa ajili ya alfajiri zote zile alizoamka kabla ya watu, mlango umefungwa na kopo la majivu. Nililia pia kwa sababu aliniachia kidevu changu na cha kwake hakuweza kukiachia. "Tuzing'oe?" Rukia akauliza. "Hakutaka watu waone." Mama mwoshaji akatikisa kichwa. "Maiti hang'olewi nywele. Anakwenda na alivyo navyo."

Basi tulimwosha. Nilimwosha kidevu kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, na zile nywele zilipokauka nikazilaza kwa vidole. Nilipoona ni nzuri nilimwambia, kwa sauti, ingawa nilijua nimechelewa. Kisha tukamvika sanda, na kabla wanawake hawajaingia kumuaga nikavuta upindo wa sanda ukapanda ukakaa chini kidogo ya mdomo, pale pale ilipokaa kanga maisha yake yote. Wakapita mmoja mmoja. Wazee waliokuwa wasichana wa kushonewa magauni walisimama wakamtazama, na mmoja wao akamnong'oneza mwenzake, "Muone Hadija. Mpaka leo anajisitiri kike." Mwenzake akaitikia, naye akiwa ameshika ncha ya kanga kidevuni. Kicheko kilinipanda kutoka tumboni, pamoja na kilio, sikujua kipi ni kipi. Na mkono wangu, bila mimi kuutuma, ukainuka na kanga ukanifunika kidevu.